Nta, Siagi na Kombine ya Papa Anselme

Deo bado anasema ni siagi.

Tumemzika Papa Anselme, tumerudi kwenye matanga kwa binti yake huko Katindo, Goma, tumekaa chini ya bashi, turubai la buluu, kila mmoja na kiti chake cha plastiki na sahani ya maharage magotini. Na Deo, ambaye sikuwa nimemtia machoni tangu alipohamia Kampala akiwa na nywele nyeusi tii, anawaeleza wajukuu wa marehemu jinsi mashine ya babu yao ilivyopona. "Mafuta ya ng'ombe njo iliokoa ile machine," anasema, na kiganja chake kinapapasa hewa kama vile chuma chenyewe kiko mbele yake. "Niko nabaambia kweli. Tulikuwa tunapakaa kila mangaribi. Kutu ikatukimbia." Wajukuu wanacheka kwa adabu. Mama mmoja wa kikundi cha maombi anaitikia kwamba mafuta ya ng'ombe ni dawa ya mengi, hata mgongo wake yeye ulipona kwa hayo hayo. Mimi niko kiti cha tatu, tonge la fufu kinywani, nashindwa kujibu kwa sababu mtu hagombani matangani. Nikameza vibaya, nikapaliwa. Deo akanipigapiga mgongoni, kwa upole kabisa, akawaambia: "Munaona, Noella naye anakumbuka, anataka kulia."

Sikutaka kulia. Nilitaka kummwagia maharage. Nimeishi na hadithi hii ya siagi miaka yote hii, naisikia kwa mafundi ambao hawakuwa wamezaliwa, na sasa naisikia kwenye matanga ya mwenye mashine mwenyewe. Basi nimerudi nyumbani, nimevua viatu, na nitaandika mambo yalivyokuwa, mara moja tu, ili nisiyarudie tena kwa mdomo.

Sitaanza na wazazi wangu wala na kilima walikotoka. Kila mtu anavyo vitu hivyo na havisaidii hapa. Nianze na chumba. Ulikuwa ule mwaka baada ya lava ya volkano kuingia mjini, watu walipokuwa wanajenga juu ya mawe ambayo, ukichimba kidogo, bado yalikuwa na joto. Kuta za atelye yetu, karakana ya useremala ya Deo na mimi, zilikuwa mbao mbovu za mabaki, zile ambazo mteja anazikataa, na sakafu ilikuwa lava iliyopondwapondwa, iliyokula kandambili zetu zote. Dirisha lilikuwa moja, na kwa sababu aliyelitoboa hakufikiri, lilitazama mlimani. Mlima haukuwa umelala. Ulitoa moshi mchana na usiku, na mvua ikipita ndani ya moshi ule inashuka na ukali wake. Akina mama waliuona kwenye majani ya maharage yaliyoungua, sisi tuliuona kwenye mabati ya paa, ambayo yalikuwa mapya mwezi wa kwanza na yalikuwa kichungio cha chai kabla ya mwaka kuisha. Ukuta wa nyuma tulishirikiana na jiko la Mama Sifa, mwenye kiwanja, mwanamke mwema mwenye masikio marefu. Mbao zilikuwa na nyufa, kwa hiyo alisikia kila neno letu, na sisi tulisikia kila sahani yake.

Katikati ya chumba hicho ndipo ilipokaa kombine. Kwa asiyeijua, ni mashine moja ya seremala inayofanya kazi za mashine tatu: inapiga randa, inapasua, inachonga kingo. Ilizungushwa kwa mkanda na moteri ya mazuti, injini ya dizeli iliyofungwa pembeni, lakini moyo wake, kwangu mimi, ulikuwa ile meza: bapa la chuma kizito, pana, lililonyooka kiasi kwamba ukiweka pima maji juu yake unaona aibu kwa vitu vingine vyote ulivyopima maishani. Ubao unapita juu ya meza hiyo. Meza ikiwa na kutu, ubao unakwama, mkono unasukuma kwa nguvu, na pale mkono unaposukuma kwa nguvu ndipo kuna visu. Kwa hiyo meza inapaswa iteleze.

Papa Anselme, mwenye mashine, alikuwa ameamua kurudi Rutshuru kwenye mashamba yake. Alituchagua Deo na mimi kwa sababu tulikuwa tumetoka kujifunza kazi, na kwa sababu, alisema, vijana wa kunywa pombe aliwajua wote kwa majina na sisi hatukuwemo. Siku anaondoka alisimama mlangoni na koti lake la kahawia, kofia mkononi.

"Bana, sikieni. Hii machine nimeiacha mu mikono yenu mwaka moya. Nikikuta kutu, naibeba. Nisipokuta, itabakia kwenu, tutaelewana polepole."

"Ndiyo, papa," tukasema.

"Musikwangure na papier ya musasa. Kila munapokwangura muko nakula meza. Na musifunike na bashi, itatoka jasho."

"Sasa tufanye nini, papa?" nikauliza.

"Akili ni yenu," akasema, akavaa kofia.

Huyo ndiye alikuwa Papa Anselme. Alikuwa anakuja bila kutuarifu, kwa taksibisi ya alfajiri, anatukuta hatujakunywa chai, anatoa kitambaa cheupe mfukoni na kukipitisha juu ya meza huku anatutazama sisi, siyo kitambaa. Kwa Deo mashine ikiondoka lilikuwa jambo baya. Angerudi Masisi kwa baba yake mkubwa, ambako kulikuwa na ng'ombe wa kutosha kumshughulisha. Kwangu mimi lilikuwa jambo jingine. Shangazi yangu alikuwa ameshanitafutia nyumba ya watu ya kufulia, na alipokuwa akinijia kunisalimia alikuwa anaitazama kombine kama mtu anayengojea mgonjwa afe. Niliitaka mashine ile kuliko nilivyotaka mume. Nilisema hivyo kwa sauti siku moja, na Mama Sifa akajibu kutoka jikoni: "Mungu akusamehe."

Mvua ya kwanza ilipiga jioni. Asubuhi meza ilikuwa na rangi ya mawese, nyembamba, imetandazwa vizuri, kama mtu aliipaka kwa makusudi. Nilipitisha kidole na kidole kikatoka chekundu. Nilikaa chini pale pale kwenye lava. Kuanzia siku hiyo kila aliyepita mbele ya mlango wetu alikuwa na ushauri, na mpaka leo sijui kwa nini watu wa Goma, ambao wengi wao hawajawahi kumiliki chuma kikubwa kuliko kisu, wote walijua dawa ya kutu. Mmoja akasema avoka, yaani parachichi. Mwingine akasema mafuta machafu ya gari, na tulimsikia huyo, kwa sababu mafuta machafu hayakuwa na bei. Kutu ilitulia kweli. Lakini mlango tuliomtengenezea mwalimu mmoja ulibeba weusi wote wa meza kwenye uso wake, na akaurudisha juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, akausimamisha barabarani ili wapita njia wauone vizuri, akasema: "Mulinifanyia mlango ao mulinifanyia garage?"

Hapo ndipo Deo akaja na siagi.

Ninataka kuwa mwenye haki. Siagi yenyewe ilikuwa nzuri. Bibi yake aliiteremsha kutoka Masisi ndani ya chungu kilichofungwa kwa jani la mgomba, ya njano, iliyokaa muda mrefu, yenye ile harufu ambayo watu wa ng'ombe wanaisikia na macho yanalainika, na watu wengine wanaisikia na kutafuta mlango. Deo aliichota kwa vidole viwili kama anampaka mtoto mchanga. "Nyumbani tunapakaaka ngozi, tunapakaaka kamba, tunapakaaka fimbo ya muzee, na hakuna kitu inaozaka," akasema. Nikamwambia chuma si fimbo. Akaniambia mimi sikukulia kwenye maziwa. Basi tukapakaa, na kwa majuma kadhaa meza iling'aa, na Deo alitembea mle ndani na mikono nyuma kama askofu.

Kisha wakaja panya. Walipanda juu ya meza baada ya sisi kufunga, wakalamba, na walikuwa wanafanya kazi safi: asubuhi unakuta njia zao, chuma kitupu kimekatiza ndani ya siagi, na ndani ya kila njia kuna kutu. Kisha ikaja harufu. Tulitengeneza kabati la biarusi, mninga mzuri, na mama mkwe alipofungua milango akaingiza kichwa chote ndani, akatoka, akauliza kama kuna mtu alihifadhi ngozi humo. Na mwisho yakaja madoa, ya mviringo, ya kahawia iliyokolea, hata mahali ambapo panya hawakufika. Hayo madoa yalinisumbua mpaka niliposhika njia nikaenda kumwamkia bibi yake Deo, aliyekuwa amekuja mjini kwa matibabu, nikamuuliza taratibu aliitengenezaje ile siagi. Akanieleza yote kwa furaha, jinsi alivyosukasuka, jinsi alivyoosha, na jinsi, kwa sababu aliambiwa ni ya safari na vijana watakula, alivyoitia chumvi.

Chumvi! Tulikuwa tumepaka chumvi juu ya chuma, chini ya moshi wa mlima, kila mangaribi, kwa upendo. Niliporudi na kumwambia Deo, alifikiri kidogo, akasema: "Basi si mafuta njo mubaya. Ni chumvi." Ukitaka kumwelewa Deo, hiyo sentensi inatosha.

Papa Anselme alitukuta katika siku hizo. Alisimama mlangoni, akanusa, na uso wake mgumu ukafunguka. "Inanuka kama kwa mama yangu," akasema, na nusura Deo aruke. Halafu akatoa kitambaa. Kilipita juu ya meza cheupe, kikatoka na mstari wa kahawia. Akakikunja mstari ukiwa ndani, akakirudisha mfukoni. "Hii tutasema sikuiona," akasema. "Ingine nitaiona." Akaondoka bila kukubali chai, na kwetu muzee akikataa chai yako umekwisha.

Nta ilikuwa wazo langu. Nasema hivyo bila haya, kwa kuwa hakuna mwingine atakayelisema. Niliiona kwa mwanamke muuza asali wa Masisi, makapi ya masega aliyokuwa anayatupa, na nikakumbuka jinsi mikono inavyokuwa ukishika nta: maji yanakimbia. Alinipa mfuko mzima na kunishukuru kwa kumwondolea uchafu. Mara ya kwanza sikuyaosha vizuri, asali ilibaki ndani, na asubuhi meza yote ilikuwa nyeusi na inatembea, sisimizi. Deo alicheka mpaka akashika ukuta. Mara ya pili nilichemsha makapi kwenye maji, nikachuja kwa kipande cha shuka, nikaacha ipoe, nikapata sahani ya nta safi ya rangi ya mahindi. Lakini nta peke yake ni ngumu, haienei. Inataka kulainishwa kwa petroli ya taa, yaani mafuta ya taa, na petroli ya taa na mbabula, jiko lililojaa makaa ya moto, ni vitu ambavyo havipaswi kujuana. Nilijifunza hilo nilipopoteza nyusi. Baadaye niliweka sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, nikaiteremsha kabisa kutoka motoni, nikaitoa nje uani, na ndipo nikamimina petroli.

Sufuria kubwa ilikuwa ya Mama Sifa. Aliniazima kwa moyo mmoja na nikairudisha imesuguliwa kwa majivu, lakini nta haiondoki kwa majivu, na petroli haiondoki kwa chochote. Kwa muda mrefu maharage ya ua ule yalikuwa na ladha ya taa ya kandili. Tulikula pamoja, yeye, Deo na mimi, kwenye kile kibaraza chake chembamba kati ya jiko na atelye, tukitazama sahani, kila mmoja akitafuna polepole. "Ni maharage ya Rutshuru," Deo alikuwa anasema kumfariji, "udongo wa kule ni tofauti." Mama Sifa hakufarijika. Aliniambia kwamba msichana aliyesoma kupika chuma akaacha kusoma kupika chakula atakuja kumlisha mumewe misumari. Lakini sufuria hakuninyang'anya, na hilo sikulisahau hata nilipokuwa na hasira naye.

Nta ya nyuki ilikuwa haitoshi, kwa hiyo nikaongeza mishumaa. Mtunza sakristia wa parokia yetu alikuwa na boksi zima la vipande vilivyobaki altareni, na alinipa baada ya kunihoji kama ni kwa kazi ya Mungu. Nikasema tutatengeneza benchi la kanisa, na tulilitengeneza. Sasa dawa ikawa kamili: nta ya nyuki, mishumaa, petroli, inaganda laini kama mafuta ya kujipaka. Unachukua kidogo kwa kitambaa, unapaka nyembamba, unaiacha mpaka ifanye ukungu, unasugua mpaka kiganja kinateleza chenyewe. Ukipaka nene inahamia kwenye ubao na vanisi inakataa kushika. Hilo nalo niligundua kwa machozi. Lakini ikipakwa sawasawa, mvua inapiga usiku, moshi unashuka, na asubuhi meza iko vile ulivyoiacha, ya kijivu, kavu, inang'aa kidogo. Siku ya kwanza nilipoikuta hivyo niliegemeza shavu langu juu yake. Na kutoka jikoni, kupitia ufa, nikasikia Mama Sifa anamweleza jirani yake: "Ile machine aipate kutu namna gani? Banaipakaa mishumaa ya kubarikiwa."

Naweza kuvumilia mambo mengi. Baraka ningezivumilia. Lakini Deo hakuweza kuacha dawa itulie. Kila juma alikuja na kitu cha kuiboresha. Alitia mchaichai ili inukie vizuri. Alitia mawese, na viti vya shule vikatoka na rangi ya jua linalozama. Alitia sirage nyeusi ya viatu kwa sababu, alisema, hakuna aliyewahi kuona kiatu kinapata kutu. Nikimkataza anakubali kwa kichwa, na kesho nakuta mkebe umefunguliwa na kuna kitu kipya kinaelea. Mwishowe akarudi pale alipoanzia: bibi ametengeneza siagi nyingine, hii haina chumvi, na akataka kuichanganya na nta yangu nusu kwa nusu.

"Deo, uko mutu mukubwa," nikamwambia. "Papa Anselme amesema ingine ataiona. Unataka aibebe?"

"Sitaki aibebe. Njo maana nataka tupakaye kitu ya nguvu."

"Hii iko na nguvu. Umeiona asubuhi."

"Nimeiona. Sasa fikiria ikiwa na mafuta."

Nilichukua chaki nikachora mstari katikati ya meza, kutoka ukingo hadi ukingo. Upande wa dirisha wangu, upande wa mlango wake. Kila mtu apake anachojua, na msimu wa mvua ndio utakaosema. Alifurahi sana. Mama Sifa alitoka jikoni na kijiko mkononi kuja kuona mpaka wenyewe, akasema hii nchi haitapona.

Sasa nifike mahali ambapo Deo hajui, na kama maandishi haya yatafika Kampala basi ajue. Jioni ya pili ya mvua kubwa, Deo alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya, nami nikabaki nafagia. Nikapitisha kidole upande wake. Kilikuwa kinanata, na chini ya kunata palikuwa pameanza wekundu, kidogo tu, kwenye kona. Nikasimama na fagio. Ningeweza kuacha. Mvua ingesema, ningeshinda, ningecheka mpaka leo. Lakini kitambaa cha Papa Anselme hakikuwa na habari za mstari wa chaki. Kingepita meza yote. Nikafuta siagi yake kwa petroli, nikapaka nta yangu, nikasugua. Na kwa kuwa Deo alikuwa na pua, nikachukua siagi kidogo nikaipaka chini ya meza, pale ambapo ubao haufiki, ili asubuhi anuse na aridhike. Kuanzia hapo nilifanya hivyo kila jioni ya kwaya, na jioni zisizo za kwaya nilimtuma akanunue misumari. Asubuhi alikuwa anapapasa upande wake, anapapasa wangu, anasema kwa heshima kubwa: "Noella, na yako si mubaya."

Kwa nini sikumwambia? Watu watauliza. Kwa sababu kombine haifanyi kazi na mtu mmoja. Anayesukuma ubao anahitaji anayeupokea, na Deo alikuwa mpokeaji ambaye sijapata mwingine kama yeye. Hakuwahi kuvuta, hakuwahi kuchelewa, vidole vyangu vyote kumi vinashuhudia. Angejiona amechekwa angepanda Masisi kesho yake. Kwa hiyo nilimeza. Nilikasirika kila jioni, peke yangu, nikiwa na petroli mpaka kwenye viwiko, nikimlaani yeye na bibi yake na kila ng'ombe wao, na meza ikabaki safi toka mwisho hadi mwisho.

Mwaka ulipotimia Papa Anselme alikuja, na safari hii hakuja peke yake. Alikuwa na mwanaume mnene wa mji wa Kiwanja, mwenye viatu vya mpira, na vijana wawili wa kubeba. Sikuwajali. Nilikuwa namtazama mzee. Alitoa kitambaa, akakipitisha polepole, upande wa dirisha, upande wa mlango, akakizungusha kwenye kona, akakiinua mbele ya mwanga. Kilikuwa cheupe. Akapitisha kiganja kitupu, na nikaona kiganja kinamtoroka, kinateleza, na mzee anashtuka kidogo kama mtu aliyekosa ngazi. "Aksanti, bana yangu," akasema. "Hata mimi sikuishikaka namna hii." Deo alinitazama kwa macho yenye maji. Nami, Mungu anajua, nilikuwa naye katika furaha ile, siagi na yote.

Kisha mzee akavaa kofia, akaivua tena.

"Nimeuza," akasema.

Hatukuelewa. Akarudia, akitazama sakafu. Alikuwa ametafuta ng'ombe tangu wale wake waliponyang'anywa, na sasa huyu bwana alikuwa ametoa pesa za kununulia mitamba, na mtu wa umri wake hawezi kufa bila zizi. "Mulifanya kazi yenu," akasema. "Mimi njo sikufanya yangu. Lakini chuma haizalake, Noella." Nikamgeukia Deo anisaidie kupiga kelele, na Deo, mtoto wa ng'ombe, alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, anamwelewa. Anamwelewa! Sijui siku ile nilimchukia nani zaidi.

Na yule mnene wa Kiwanja hakuwa hata ameiangalia meza. Tangu aingie alikuwa amechuchumaa pembeni kwenye moteri, anasikiliza tumbo lake, ananusa mazuti, anaufungua mdomo wa tangi. Vijana wake wakalegeza bolti, wakavua mkanda, wakaitoa moteri mlangoni kwa miti miwili kama wanabeba mgonjwa. Nikangoja warudi kuchukua meza. Mmoja alirudi kuchukua ufunguo aliousahau, akaweka mkono wake wenye jasho juu ya chuma, na nikapiga ukelele uliomtoa Mama Sifa jikoni.

"Na hii?" nikauliza. "Hii munabeba lini?"

"Ile chuma?" yule bwana akasema, anajifuta mikono. "Mama, mimi niko na machine ya kusaga mahindi. Nilikuwa natafuta moteri tu. Ile ni nzito, na barabara unaijua. Nitaiuzisha ku batu ba ferrai, bale banakusanyaka vyuma vya zamani, bakuye kuivunja."

Mwaka mzima. Nyusi zangu, maharage ya Mama Sifa, jioni zote za kwaya. Na mtu aliyeinunua hakuwa anajua kwamba ina meza. Nikamwambia: "Tuachie." Sikuomba, nilisema tu. Akamtazama Papa Anselme, kwa sababu aliona aibu kuamua mbele yake, na mzee akaangalia meza, akaangalia mahali penye mafuta ambapo moteri ilikuwa, akaniangalia mimi.

"Mwanangu," akasema, "bila moteri, mutaifanya nini?"

"Tutaipakaa," nikasema. Ikabaki kwetu.